Likizo ya nyumbani: simu ya Minnesota ikivuka bahari

Kila unapokaribia mwezi wa Desemba, familia nyingi za Afrika Mashariki zinazoishi katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, hufunga mizigo kwenda kuwaona wazee wao. Miongoni mwake ni zile za Oakdale, mji mdogo ulio mashariki ya Saint Paul, katika wilaya ya Washington. Mabegi hupimwa kwenye mizani zaidi ya mara moja, zawadi za shangazi na wajomba huhesabiwa, pasipoti hukaguliwa. Simu ya mkononi hutiwa mfukoni tu, kana kwamba itafanya kazi Kisumu au Moshi kama inavyofanya kazi Oakdale.

Hapo ndipo matatizo yanapoanza, msikilizaji, na si matatizo ya anasa. Wengi wa wasafiri hao ni wauguzi na watunzaji wa wazee, ambao ratiba zao za kazi hutumwa kwa simu. Benki za Marekani nazo, zinapoona kadi imetumika ghafla katika nchi ya mbali, huweza kuizuia na kutuma tarakimu za siri kwenye nambari ya Marekani ili kumtambua mwenye akaunti. Nambari hiyo ikiwa imezimwa, msafiri anaweza kujikuta hospitalini na mzazi mgonjwa, fedha zake zipo, lakini hana njia ya kuzifikia.

Mtego wa kwanza ni ule wa kutumia laini ya nyumbani ugenini, huduma ijulikanayo kama romingi. Kampuni ya simu ya Marekani humlipa mwenye mtandao wa nchi husika, kisha humtoza mteja wake. Gharama hupanda hata pale mtu asipopiga simu, kwa kuwa simu za kisasa hupakua barua pepe, picha na programu mpya zenyewe. Kwa hiyo, kabla ya ndege kuondoka, yafaa msafiri aulize kampuni yake bei ya kila siku, na azime intaneti ya romingi kama hakuinunua. Laini yenyewe anaweza kuiacha wazi ili ipokee ujumbe mfupi wa benki, baada ya kuuliza kama kuupokea kunatozwa.

Mtego wa pili ni simu iliyofungwa. Katika miaka ya 2000, simu nyingi za Verizon na Sprint zilitumia teknolojia ya CDMA na hazikuwa na mahali pa kuweka kadi. Zilipofika Nairobi ziligeuka kuwa saa na kitabu cha majina. Teknolojia hiyo sasa imeondoka, lakini kufuli limebaki: simu inayolipiwa kidogo kidogo kwa kawaida haikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni limalizike. Sheria iliyotiwa saini na Rais Barack Obama mwezi Agosti mwaka 2014 iliwarudishia Wamarekani haki ya kufungua simu zao. Hata hivyo, ombi hilo ni bora lifanywe Minnesota, wala si kwenye foleni ya duka la simu mjini Mombasa.

Kuna jambo jipya zaidi. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, la mwaka 2022, hazina kabisa tundu la kadi. Hutumia laini ya kidijitali, yaani eSIM. Ile kadi ndogo ambayo binamu amezoea kuinunua na kuileta uwanja wa ndege haitamfaa mwenye simu hiyo. Itambidi aende katika duka la kampuni inayotoa eSIM, kama vile Safaricom, akiwa na pasipoti yake.

Laini zote sharti zisajiliwe. Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole mwaka 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kufungwa mwezi Januari mwaka 2020. Aliyeacha laini yake ya zamani kwenye droo asitarajie kuikuta hai: nambari isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine. Hilo si dogo katika nchi ambako nambari ya simu ndiyo pochi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, anayetuma fedha kwa nambari ya zamani bila kusoma jina la mpokeaji huenda akamtajirisha mgeni.

Yapo pia mambo ambayo hakuna msafiri awezaye kuyanunua. Tarehe 12 Mei mwaka 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika eneo kubwa la Afrika Mashariki. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari mwaka 2021, na Tanzania ikakumbwa na kuzimwa kwa intaneti kuanzia siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba mwaka 2025. Siku hizo, waliokuwa ng'ambo walisubiri habari za jamaa zao bila kujua kama kimya kile kilikuwa cha mtandao au cha msiba.

Kwa sababu hiyo, msafiri mwenye busara huandika nambari muhimu kwenye karatasi, huwaachia wa Oakdale nambari ya jirani wa wazazi, na hupatana nao saa ya kuzungumza. Wakati wa baridi, Nairobi inapokuwa saa mbili usiku, Oakdale ni saa tano asubuhi. Mitandao ikikatika, simu ya kawaida ya sauti huenda bado ikapita, na mzee anayeijua saa hiyo atakuwa ameketi karibu na simu yake.