Ubelgiji: Mshahara unaofuata bei za sokoni

Katika nchi nyingi mtumishi wa umma hugoma kwanza, ndipo mshahara wake upande. Nchini Ubelgiji sheria hujaribu kuutangulia mgomo.

Msingi wa utaratibu huo ni sheria ya Agosti 2 mwaka 1971. Bei za bidhaa na huduma hupimwa kila mwezi. Wastani wake unapovuka kiwango kilichowekwa, mishahara ya watumishi wa umma hupanda kwa asilimia 2. Karani wa wizara mjini Brussels hahitaji kumbembeleza waziri.

Nyongeza inayozidi fidia ya bei ni suala jingine. Hiyo hujadiliwa na serikali na vyama vya wafanyakazi, vya Kikristo, vya Kisosholisti na vya Kiliberali, kwa mujibu wa sheria ya Desemba 19 mwaka 1974. Hata hivyo, makubaliano yao ni ahadi ya kisiasa tu. Neno la mwisho hubakia kwa serikali.

Utaratibu huo haujasalimika. Mwaka 1994 tumbaku, pombe, petroli na dizeli ziliondolewa katika kipimo kinachotumika kurekebisha mishahara. Mwaka 2015 serikali ya Waziri Mkuu Charles Michel iliiruka nyongeza moja ya asilimia 2, kwa hoja ya kulinda ushindani wa uchumi. Pengo hilo halikuwa la mwaka mmoja, kwani kila nyongeza iliyofuata ilihesabiwa juu ya mshahara mdogo zaidi.

Kwa upande mwingine, bei za nishati zilipopanda mwaka 2022, mishahara iliongezwa mara kadhaa na hazina ikaelemewa. Machi 31 mwaka 2025 mgomo wa taifa zima dhidi ya mipango ya kubana matumizi ulithibitisha kuwa sheria pekee haileti utulivu.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Lakini makubaliano na madaktari yaliyotiwa saini mwaka 2013 hayakutekelezwa, na kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017 madaktari waligoma kwa siku 100. Waliolipa gharama kubwa zaidi walikuwa wagonjwa maskini.

Ahadi ni deni, wasema Waswahili. Brussels deni hilo limeandikwa katika sheria. Na bado kila serikali mpya hutafuta namna ya kulipunguza.