Mjamzito, Ugoro na Moshi wa Mume

Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mjamzito mwenye sigara mdomoni ni nadra kumwona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wanawake wanaotumia tumbaku nchini Tanzania ni takriban 3 katika kila 100. Wanaume walikaribia 15.

Basi hakuna tatizo? Lipo, ila limejificha: kwenye ugoro uliofungwa pindoni mwa kanga, na kwenye sigara ya mume ndani ya chumba kimoja. Ugoro hauna moshi, lakini una nikotini, inayobana mishipa ya damu inayomlisha mtoto. Moshi nao humpunguzia oksijeni. Mtoto anaweza kuzaliwa njiti, au na uzito pungufu.

Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila mjamzito aulizwe kliniki kuhusu tumbaku, na kuhusu moshi wa wengine pia. Kazi iko kwenye kuuliza. Mhudumu akisema, “Mama, unavuta sigara?”, atajibiwa hapana, na hajadanganywa. Aulize ugoro, tena bila kukaripia. Na baba aliyemsindikiza mwenzake kliniki asiachwe kwenye benchi: aambiwe papo hapo kwamba sigara avutie nje, mbali na dirisha.