Namba ya Saa Saba Mchana: Dozi ya Insulini kwa Paka Mwenye Kisukari



Naomba tuanze na namba. Tuseme yupo paka dume aliyehasiwa, mwenye miaka 10 na uzito wa kilo 6, anayechomwa insulini ya glajini mara mbili kwa siku. Saa 1 asubuhi, kabla ya sindano, sukari yake ni milimoli 18 kwa lita. Saa 3 ni 14. Saa 5 imeshuka hadi 9, na saa 7 mchana ni 4.6. Kisha inaanza kupanda: saa 9 ni 7, saa 11 jioni ni 12, na saa 1 usiku, wakati wa sindano ya pili, imefika 17. Huu ni mfano wa kufundishia, lakini madaktari waliomo humu ukumbini wanaujua vizuri mkondo wa namna hii.

Aliyepima asubuhi peke yake ataona 18, atashtuka, ataongeza dozi. Namba ya asubuhi huenda isitikisike sana. Itakayoporomoka ni ile ya saa 7 mchana, ambayo hakuna aliyeipima. Ikishuka chini ya 3, paka anaweza kuyumba, kulegea miguu ya nyuma, kupata degedege na hata kufa, huku mwenyewe yuko kazini. Hili ndilo nililokuja kulisema leo: dozi ya insulini hupangwa kwa kutazama sukari inafika wapi inapokuwa chini kabisa, na inakwendaje kwa siku kadhaa. Namba moja ya juu haitoshi kugusa dozi.

Namba ya juu ya paka ina sababu nyingine ya kutoaminiwa haraka. Paka akiingiwa na hofu, adrenalini humiminika na ini huachia glukosi, hata sukari ikavuka 16 kwa paka asiye na kisukari kabisa. Sasa mfikirieni aliyetiwa kwenye kikapu, akapakiwa kwenye bajaji, akasubirishwa kwa daktari pembeni ya mbwa anayebweka, kisha akashikwa kwa nguvu atolewe damu. Hapo kinachopimwa ni ugonjwa pamoja na safari. Maabara zenye uwezo hupima fruktosamini, inayoonyesha hali ya sukari kwa wiki moja hadi mbili zilizopita, na hofu ya saa moja haiibadilishi. Hata hivyo fruktosamini haituambii kilichotokea saa 7 mchana. Kwa hilo hakuna njia ila kupima nyumbani.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Pasha sikio joto kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa. Litazame sikio kwenye mwanga, utaona mshipa mwembamba unaoandamana na ukingo. Weka pamba iliyokunjwa upande wa pili ili usijichome kidole, choma ukingoni karibu na mshipa, na tone dogo kuliko punje ya mtama litaitosha mashine. Bana kwa pamba, mpe kipande cha nyama anachokipenda, mwachie. Paka wengi huzoea, wengine hujileta wenyewe kwa ajili ya ile nyama. Mashine za kupimia watu zinatumika, ila mara nyingi husoma chini kuliko hali halisi, kwa sababu glukosi ya paka imegawanyika tofauti na yetu kati ya chembe nyekundu na maji ya damu. Basi tumia mashine ileile siku zote, na daktari wako ajue ni ipi.

Katika miaka ya 1930 Michael Somogyi, mkemia mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi St. Louis, Marekani, alieleza kwamba insulini ikizidi, sukari hushuka mno, mwili hujitetea kwa homoni, na sukari huruka juu. Nadharia hiyo ilitokana na wagonjwa binadamu, ikahamishiwa kwa paka, ikafundishwa kwa miongo mingi. Kila sukari ya juu isiyoeleweka ikapewa jina la Somogyi na dozi ikapunguzwa. Watafiti Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichunguza mikondo ya sukari ya paka wanaotumia glajini na kuchapisha matokeo mwaka 2016: tukio hilo kwa paka ni nadra mno. Naamini wako paka wengi walioachwa na kiu, njaa na kukonda kwa miezi, dozi yao ikiwa pungufu, kwa ajili ya nadharia ambayo haikuwa imepimwa vya kutosha kwao.

Kwa hiyo tusipandishe kwa hofu, wala tusishushe kwa mazoea. Glajini yenyewe inadai subira. Ndani ya kichupa ni tindikali, lakini ikifika chini ya ngozi hugeuka chembechembe ndogo zinazoyeyuka polepole, na sindano ya leo huikuta akiba ya jana. Nguvu kamili ya dozi mpya haionekani siku ya kwanza. Kwa kawaida tunasubiri siku 5 hadi 7, kisha tunabadilisha kwa nusu yuniti au yuniti moja tu. Sukari ikishuka mno, hapo hatusubiri: dozi inapunguzwa siku hiyohiyo. Anayebadilisha dozi kila asubuhi huyatengeneza kwa mkono wake mawimbi anayoyalalamikia.

Kuna kosa moja la kitu kidogo linaloua. Insulini nyingine za wanyama zina yuniti 40 katika mililita moja, na za watu kama glajini zina 100. Sindano zake pia hutofautiana. Ukivuta glajini kwa sindano ya 40 hadi alama ya 2, umevuta yuniti 5. Soma kichupa, soma sindano, kila unaponunua.

Chakula nacho kinabadilisha hesabu. Paka ni mla nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake halishughulikii glukosi nyingi kwa haraka. Biskuti za paka na ugali uliochanganywa na dagaa humpa wanga asiouhitaji. Kumhamishia kwenye nyama na samaki ni jambo jema, lakini mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ndani ya siku chache. Asiyepunguza dozi kwa wakati atamwangusha paka kwa nia njema.

Na tumaini lipo. Roomp na Rand walichapisha mwaka 2009 habari za paka 55 waliopimwa nyumbani na wafugaji wao na kutibiwa kwa glajini: asilimia 64 waliacha kuhitaji insulini. Kwa walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita tangu ugonjwa kugunduliwa ilikuwa asilimia 84. Kwa waliochelewa, 35. Kongosho lililochoshwa na sukari linaweza kupumzika na kurudi kazini, likiwahiwa. Wako pia wasioitikia dozi kubwa kwa sababu ya meno yaliyooza, dawa za steroidi au uvimbe wa tezi ya pituitari, na hao wachunguzwe kabla ya kuongezewa insulini.

Wasio na friji wasikate tamaa. Watafiti walipima joto la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, wakaonyesha mwaka 2021 kwamba aina kadhaa za insulini zilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Paka akianza kuyumba, mpake asali au glukosi kwenye fizi, usimmiminie kitu kooni, mpe chakula akipata fahamu, kisha mkimbize kwa daktari.

Nawaomba madaktari wenzangu: asitoke mtu kliniki na kichupa cha insulini kabla hajatoboa sikio la paka wake mbele yako na kusoma namba kwa macho yake.