SINDANO NA KALAMU NI NDUGU

(Maneno ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo na wafumaji wa Gungu, Kigoma)



Kabla sijasema lolote, nimewatazama. Mmekaa mkekani, lakini mikono yenu haijatulia. Huyu anafuma kofia, yule anamalizia soksi ya mtoto, na bibi yule pale nyuma anazungusha uzi kuwa donge. Msiache. Fumeni huku mnasikiliza, mimi sitakasirika. Mikono ina kazi, masikio hayana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kufuma na maendeleo. Neno langu ni moja tu: sindano na kalamu ni ndugu. Anayefuma bila kuandika na kuhesabu anafanya kazi nusu, na nusu ya jasho lake inakwenda bure. Sasa nitawaeleza kwa nini nasema hivyo.

KUFUMA NI KAZI YA WOTE

Kuna watu husema kufuma ni mchezo wa wanawake wa kupotezea wakati. Jamani, sisi watu wa ziwa tusiseme hivyo. Nendeni mwaloni Kibirizi au Katonga mchana. Mtawaona wanaume wameketi mchangani, wana sindano na uzi, wanaziba matundu ya nyavu. Hiyo nayo si kufuma? Kitanzi kwa kitanzi, fundo kwa fundo. Tena kazi yenyewe ni ya zamani mno. Kule Misri zimepatikana soksi zilizofumwa kwa mkono karibu miaka elfu moja iliyopita.

Na faida yake tunaiona hapa hapa. Wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi hulala ufukweni, na nyumbani fedha huadimika. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya hapo. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi mitatu! Mama aliyekuwa anategemea dagaa peke yake alitaabika. Mama aliyekuwa na sindano alipata angalau fedha ya chumvi na sabuni. Mwenye kazi mbili halali njaa kwa mlango mmoja kufungwa.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, Gungu kuna joto, nani anataka sweta?" Swali zuri. Sisi tuko chini, kando ya ziwa. Lakini pandeni kwenda Manyovu, Buhigwe, Kasulu. Huko juu milimani asubuhi watoto wanakwenda shule wakitetemeka. Soko la sweta liko huko. Na hapa chini, mtoto mchanga hata wakati wa joto anahitaji kofia na soksi, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, maana mwili wake hupoteza joto upesi na sehemu kubwa hutokea kichwani. Kwa huyo wa hapa uzi wa pamba unafaa.

SWETA LA RANGI MBILI

Sasa niwaambie jambo la nyumbani kwetu. Mama yangu mzazi alikuwa mfumaji kule Kasulu. Mikono yake ilikuwa myepesi, watu walikuja kutoka mbali kumtafuta. Lakini hakujua kusoma.

Nilikuwa darasa la pili. Shule moja ilimwagiza masweta ishirini ya kijani. Mama alifurahi sana, akakopa fedha, akanunua uzi. Alipofika sweta la kumi na mbili, uzi ukaisha. Akamtuma mtu na basi aje Kigoma kununua mwingine. Alimpa kipande cha uzi kama mfano. Yule mtu akaleta uzi wa kijani kweli. Mama akafuma usiku, akamaliza yote.

Asubuhi, juani, tukaona. Kijani cha kwanza na kijani cha pili havikuwa sawa. Moja la masweta hayo lilikuwa na mwili wa kijani kimoja na mikono ya kijani kingine. Shule ikapokea kumi na mawili, ikakataa manane. Mama hakusema neno. Aliyakunja manane yale, akayaweka ndani ya sanduku, na deni akalilipa kwa kulima mashamba ya watu msimu mzima. Lile la rangi mbili nililivaa mimi, miaka mitatu, mpaka viwiko vikatoboka.

Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa kwenye karatasi inayozunguka donge la uzi. Yote yalikuwa yameandikwa pale. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu wa kuisoma, na karatasi ile tuliwashia moto.

Mwaka uliofuata mama aliingia darasa la kisomo. Jioni mimi nilikuwa namshikia kibatari. Ndiyo sababu leo mnaniona nikifanya kazi hii.

SOMENI KARATASI YA UZI

Kwa hiyo msiitupe karatasi ile. Ina mambo matano.

La kwanza, uzito. Donge laweza kuwa la gramu 50 au gramu 100. Madonge mawili yanaweza kuonekana sawa machoni, kumbe moja ni jepesi.

La pili, urefu wa uzi kwa mita. Uzi mwembamba wa gramu 100 ni mrefu kuliko uzi mnene wa gramu 100.

La tatu, unene wa sindano inayofaa, kwa milimita. Ukiona imeandikwa 4, usitumie sindano ya 6, sweta litakuwa kama kimia.

La nne, namba ya rangi.

La tano, na hili ndilo lililomponza mama yangu, ni namba ya chungu cha rangi. Mara nyingi hutanguliwa na neno Lot. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu. Kila fungu lina chungu chake, na vyungu viwili havifanani kabisa. Ninyi wapishi wa mawese mnajua. Chikichi ni zile zile, mpishi ni yule yule, lakini mawese ya leo na ya jana wekundu wake hauko sawa. Uzi ni hivyo hivyo. Basi nunueni uzi wote wa kazi moja kwa siku moja, na hakikisheni namba ya chungu ni ile ile kwenye kila donge. Ongezeni donge moja la akiba.

Tena kabla ya kuanza, fumeni kipande kidogo cha kupimia. Pimeni sentimita 10, hesabuni vitanzi. Tuseme ni vitanzi 20. Basi sentimita moja ni vitanzi 2. Mtoto mwenye kifua cha sentimita 70 anahitaji vitanzi 140, yaani 70 mbele na 70 nyuma. Ongezeni kidogo ili sweta lisimbane. Hesabu hiyo ni ya darasa letu la kisomo, si ya chuo kikuu.

HESABU YA JASHO

Tuje kwenye bei. Nitatoa mfano tu, ninyi mtaweka bei za dukani kwenu.

Tuseme sweta la mtoto linakula madonge matatu, kila moja shilingi 3,500. Hiyo ni shilingi 10,500. Vifungo shilingi 500. Nauli ya kupeleka mzigo, tukigawa kwa kila sweta, shilingi 1,000. Jumla shilingi 12,000. Unauza shilingi 15,000. Unasema, "Nimepata faida shilingi 3,000!" Ngoja kwanza. Umefuma siku ngapi? Siku nne. Gawa. Ni shilingi 750 kwa siku.

Sasa tazama kofia za watoto. Donge moja la shilingi 3,500 linatoa kofia mbili. Unauza kila moja shilingi 5,000, unapata 10,000. Toa 3,500, unabaki na 6,500. Umefuma siku mbili. Ni shilingi 3,250 kwa siku.

Sisemi acheni masweta. Nasema, bila daftari usingejua lipi linakulisha na lipi linakuchosha. Na msishindane na mitumba kwa bei, hamtaiweza. Shindaneni kwa kipimo. Mtumba haumuulizi mtoto kifua chake, wala haujui rangi ya shule yake. Ninyi mnajua.

JINA LA MFUMAJI

Sasa tutoke Gungu kidogo, twende kwa majirani zetu Kenya. Huko Njoro, karibu na Nakuru, ni nchi ya baridi na kondoo wa sufu. Mwaka 1998 ilianzishwa huko kazi iitwayo Kenana Knitters, ili wanawake wa shamba wapate kipato kwa ufundi wao wa kusokota na kufuma. Wanasokota sufu, wanaitia rangi kwa majani na mimea, kisha wanafuma wanyama wa kuchezea watoto: twiga, tembo, simba, kondoo. Wanyama hao husafirishwa na kuuzwa nchi za nje.

Jambo lililonigusa si twiga wala tembo. Ni kile kikaratasi kinachofungwa kwenye mnyama. Kina jina la mwanamke aliyemfuma. Mtoto wa Ulaya anapokea tembo, na pale pana jina la mama wa Njoro. Fikirini! Mikono yetu imezoea kufanya kazi ambayo jina lake anachukua mwingine. Muuzaji anajulikana, mwenye duka anajulikana, mfumaji hajulikani. Hawa wa Njoro wanajulikana.

Nanyi mnaweza. Hamhitaji ndege wala meli. Kateni kikaratasi kigumu, andikeni: "Limefumwa Gungu, Kigoma", na chini yake jina lako kwa mkono wako mwenyewe. Wengi wenu miaka michache iliyopita mlikuwa mnaweka dole gumba. Leo mnaandika majina. Basi liandikeni mahali penye faida.

KIKUNDI NA DAFTARI

La mwisho ni fedha ya kuanzia. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka 2024. Lakini hapewi mtu kwa sababu ana shida. Kinapewa kikundi chenye katiba, chenye kumbukumbu za mikutano na hesabu za fedha. Yaani kalamu tena! Nalo shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi Kigoma. Nendeni mkaulize juu ya mafunzo na masoko. Kuuliza si ujinga.

Kumbukeni tulikotoka. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, karibu 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kipimo cha mwaka 1975 kikaonyesha wamebaki 39. Wazee wetu walisoma chini ya miembe baada ya kulima. Hawakusoma ili tuwashie moto karatasi za uzi.

Mama yangu bado anafuma, ingawa macho yamepungua. Ana daftari lake. Ukurasa wa kwanza ameandika namba moja ndefu, ya chungu cha rangi ya kijani. Chini yake ameandika kwa herufi kubwa: NISISAHAU.

Nanyi msisahau.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Namba ya chungu cha rangi ni nini? Kwa nini ni lazima tuitazame kabla ya kununua?
2. Piga hesabu ya kitu ulichofuma mwezi huu: uzi, vifungo, nauli na siku ulizofanya kazi. Umepata shilingi ngapi kwa siku?
3. Kikundi chenu kina madaftari gani? Lipi linakosekana, na nani ataliandika?