Adimu na Kuadimika: Maana na Matumizi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutajia hali ya vitu kutotosheleza mahitaji, na kila neno lina mpaka wake. Haba, lenye asili ya neno la Kiarabu la punje, hutaja uchache wa kitu kilichopo. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Upungufu, kutokana na kitenzi pungua, hudai kipimo: yalihitajika magunia 100, yakaja 80.

Adimu nalo limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutokuwepo. Kiswahili kimeilegeza maana hiyo: kitu adimu kipo, ila hupatikana kwa taabu, na taabu hiyo hukiongezea thamani. Husemwa kipaji adimu kwa kusifu. Kipaji haba hakiwezi kuwa sifa. Hata rafiki asiyeonekana siku nyingi hupokewa kwa kuulizwa, "Mbona umeadimika?" Humo mna lawama na heshima kwa pamoja.

Uzito wa neno hili huonekana zaidi katika kitenzi. Kusema "imefichwa" ni kuacha nafasi ya mtenda, kwani msikilizaji aweza kuuliza: imefichwa na nani? Kuadimika hakuna nafasi hiyo. Sarufi haikubali "imeadimika na fulani".

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, baada ya bei ya mafuta kupanda na baada ya vita dhidi ya Idi Amin vya 1978–1979. Sukari, sabuni na nguo zikawa bidhaa adimu. "Sukari imeadimika" ilitosha kueleza foleni dukani, wala haikueleza chanzo chake. Mwaka 1983, katika kampeni dhidi ya walanguzi iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, baadhi ya bidhaa zilikutwa mafichoni. Hata hivyo, viwanda vilikosa malighafi na vipuri kwelikweli. Kitenzi kimoja kilifunika ficho la mlanguzi na udhaifu wa uchumi.

Basi anayeambiwa leo kuwa dawa imeadimika hana budi kuuliza zaidi: haikutengenezwa, haikuagizwa, au imefichwa? Kitenzi hakimtaji mtenda. Kumtafuta ni kazi ya msemaji na msikilizaji.