Mhandisi na Daftari la Makosa



Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake kuhusu sanaa ya kuandika programu, akachukizwa na jinsi zilivyopangwa. Aliamua kutunga programu yake mwenyewe ya kupanga maandishi, akaiita TeX, na akadhani likizo ya mwaka mmoja ingetosha kuimaliza. Ilimchukua zaidi ya miaka 10, na katikati ya safari alilazimika kuiandika upya yote. Huyu hakuwa mwanagenzi, kwani Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika taaluma yetu, alikuwa ameipata mwaka 1974. Kinachonivuta kwake leo ni daftari. Tangu mwaka 1978 aliandika kila kosa alilolikuta katika kazi yake, na mwaka 1989 akalichapisha daftari zima hadharani: makosa zaidi ya 850, yamegawanywa katika mafungu 15. Limo fungu la mambo aliyosahau, fungu la njia mbovu ya kukokotoa, fungu la sehemu mbili za programu zisizoelewana, fungu la mambo yaliyomshangaza. Fungu la kutoielewa vizuri lugha ya kompyuta limo pia, lakini ni moja tu kati ya hayo 15.

Hoja yangu imo katika daftari hilo. Nashikilia kwamba mhandisi wa programu hukua kwa kadiri anavyokaa karibu na maamuzi yake hadi yamrudie, na kwa kadiri anavyokubali kuyasoma yanaporudi. Vipimo tunavyovitumia kwa kawaida, yaani idadi ya lugha anazozijua, cheo kilichoandikwa kwenye mkataba, miaka aliyokaa kazini, hupima mambo mengine. Huenda vikaambatana na ukuaji, huenda visiambatane.

Kwa nini matokeo lazima yarudi ndipo mtu ajifunze? Jibu bora ninalolijua lilitolewa mwaka 1985 na Peter Naur wa Denmark. Naur alisema programu hasa ni nadharia iliyomo vichwani mwa walioijenga: kwa nini sehemu hii iko hapa, kitu gani katika dunia kinaifanya iwe hivi, badiliko gani litaingia kwa urahisi na lipi litaibomoa. Msimbo na maelezo yaliyoandikwa ni mabaki ya nadharia hiyo. Alitoa mfano wa kundi lililounda programu ya kutafsiri lugha fulani ya kompyuta, na kundi la pili lililopewa msimbo wote, nyaraka zote, na ushauri wa wale wa kwanza, ili lipanue kazi. Mara kwa mara kundi la pili lilipendekeza viraka vilivyoharibu usahili wa muundo, na wale wa kwanza waliona papo hapo njia nyepesi iliyokuwa tayari ndani ya muundo huo. Baada ya miaka, programu ikiwa mikononi mwa wengine, muundo wa awali ulikuwa bado unaonekana, ila umefunikwa na nyongeza zisizo na umbo.

Nadharia ikikatika, gharama yake huweza kuonekana angani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilipasuka kabla ya kutimiza sekunde 40 tangu iruke. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi bila tatizo. Ndani yake kulikuwa na namba kubwa iliyogeuzwa kuwa namba ya biti 16. Kwa mwendo wa Ariane 4 namba ile haikuweza kuvuka mpaka. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi kwa upande, namba ikafurika, na vifaa vya kuongoza vikazima. Hesabu yenyewe wala haikuhitajika tena baada ya roketi ya aina mpya kuondoka ardhini. Kila mstari wa msimbo ulisafiri salama kutoka roketi moja hadi nyingine. Kilichobaki nyuma ni sababu ya kuuandika.

Matokeo yakirudi, humwangukia aliye juu. Waswahili husema ukubwa ni jalala, na sijui usemi unaoeleza vizuri zaidi cheo cha mhandisi mkuu. Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, aliutambua ukweli huo akiwa bado kijana. Katika miaka ya 1960, baada ya kufanikiwa sana na programu ya kutafsiri lugha ya ALGOL, aliongoza kazi ya kuandaa programu za kompyuta ya Elliott 503. Kazi ilishindikana kabisa, na juhudi inayolingana na miaka zaidi ya 30 ya mtu mmoja ikapotea. Alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1980 angeweza kuzungumzia ushindi wake. Alichagua kueleza kushindwa kule, pamoja na shutuma aliyotupiwa: kwamba aliwaacha walio chini yake wafanye mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa. Miaka michache tu baada ya anguko hilo, mwaka 1969, alichapisha kazi yake kuhusu namna ya kuthibitisha kimantiki kwamba programu ni sahihi. Sitadai kwamba anguko peke yake lilizaa fikra hiyo. Nadai kwamba mtu aliyekwisha kuzika kazi ya namna ile huuliza swali la usahihi kwa uzito ambao darasa haliwezi kumpa.

Hapa Afrika Mashariki tunao mfano wa matokeo kurudi kwa sura ya neema. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya, yaliyoanza mwaka 2005, yalilenga kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Waliosimamia majaribio, akiwemo Susie Lonie, walikuwa karibu na watumiaji kiasi cha kuona kwamba watu wanatumiana pesa wao kwa wao kwa mahitaji yao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutumiana pesa ndiko kulikowekwa mbele. Mhandisi anayekabidhi kazi na kuondoka siku ya uzinduzi hapati kuona jambo kama hilo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni kwamba fani hii hubadilika upesi mno, na anayekaa na mfumo mmoja hubaki nyuma. Lina nguvu kiasi. Lakini lirudisheni kwenye daftari la Knuth: kusahau, kutoelewana kwa sehemu, njia mbovu, yote haya hayafi pamoja na lugha. Mfano ni mfumo wa takwimu za afya wa DHIS, ulioanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, ukijengwa juu ya Microsoft Access. Toleo la pili, likiratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, liliandikwa upya kwa Java na kuwekwa kwenye intaneti. Zana zilibadilika zote. Ujuzi wa jinsi muuguzi wa zahanati anavyojaza fomu, na kwa nini takwimu za mwezi huchelewa, ndio uliovuka.

Pingamizi la pili huniuma zaidi. Kijana hupandishiwa mshahara anapohama, na wengi huishi kwa mikataba mifupi ya miradi ambayo wafadhili wake huondoka kabla makosa hayajajitokeza. Simlaumu kijana huyo, kwa maana ana nyumba ya kuitunza. Nawalaumu wanaopanga bajeti ya kujenga bila bajeti ya kutunza, na kumlipa mwanzilishi zaidi kuliko mtunzaji. Na wapo wanaosema kompyuta sasa zinajiandikia msimbo, hivyo mjadala huu umepitwa na wakati. Kama Naur yuko sahihi, na naamini yuko sahihi, wingi wa msimbo usio na mtu anayeushikia nadharia unafanya haja ya watu hao kuwa kubwa zaidi.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kwa kawaida tunamtaka mwanafunzi ajenge kitu kipya kwa muhula mmoja, tunakipa alama, kisha kinafutwa. Napendekeza somo la miaka mitatu. Mwaka wa kwanza darasa lirithi programu inayotumiwa kweli, kama ya maktaba au ya zahanati ya chuo, na lirekebishe dosari zinazoletwa na watumiaji wenyewe. Mwaka wa pili liongeze jambo moja. Mwaka wa tatu liikabidhi kwa darasa linaloingia, likae nalo muhula mzima, na litahiniwe kwa daftari lake la makosa.