Sauti Tatu Zatosha Kuanza: Juu ya Kujifunza Ala ya Muziki katika Umri Wowote

*(Mada iliyotolewa mbele ya wanakwaya, wazee wa kanisa na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka 100 ya Usharika)*



Wenzangu walionitangulia wamekwisha kutusimulia habari za majengo, za shule na za wainjilisti wa kwanza, nasi tumemshukuru Mungu kwa miaka 100 ya Neno lake mahali hapa. Mimi naomba niulize jambo linalotazama mbele: ni nani atakayepiga kinanda kanisani mwetu katika miaka ijayo?

Nauliza kwa sababu twaijua hali ya sharika nyingi. Mpigaji huwa mmoja, naye ni kijana. Akipata nafasi ya chuo au kazi mjini, kinanda hufunikwa kitambaa. Au huwashwa ule mdundo uliotiwa ndani ya kinanda kiwandani, na usharika mzima ukalazimika kuukimbilia, bibi zetu wakiachwa nyuma katikati ya ubeti. Tukiwaomba watu wazima wajifunze, hujibu, "Mchungaji, vidole vimekwisha kukauka, hayo waachie watoto." Neno hilo ndilo ninalotaka kulijibu leo.

Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, chatueleza habari za waimbaji wa hekalu waliofundishwa kazi yao, jumla yao watu 288. Walipopangiwa zamu walipiga kura wote sawasawa, wadogo kwa wakubwa, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Tazameni jambo hili: mwanafunzi alihesabiwa katika utumishi wakati angali akijifunza. Hakuambiwa angoje kwanza awe bingwa.

Hata Martin Luther hakuanza kutunga nyimbo za kanisa utotoni. Alizaliwa mwaka 1483, na nyimbo zake za kwanza ni za miaka ya 1523 na 1524, alipokuwa akikaribia na kutimiza miaka 40. Kitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, kilichotoka mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu. Nasi tulio warithi wake twaweza kuanza na kidogo.

Kidogo hicho ni kipi? Ni sauti tatu zinazopigwa pamoja, ambazo wapigaji huziita kodi. (Wazee wasiogope, si ile inayodaiwa na serikali.) Ninyi wanakwaya mnaosoma sol-fa mnazijua tayari, ila hamkuambiwa kwamba mnazijua. Imbeni pamoja *do, mi, so*: hiyo ni kodi ya kwanza, nayo ndiyo nyumbani kwa wimbo. Imbeni *fa, la, do*: hiyo ni kodi ya nne. Imbeni *so, ti, re*: hiyo ni ya tano, na ile *ti* iliyomo ndani yake huuvuta moyo wa mwimbaji urudi *do*. Sasa zihesabuni sauti hizo. Zote saba za ngazi ya muziki zimo katika kodi hizi tatu, hakuna hata moja iliyobaki nje. Ndiyo sababu nyimbo nyingi sana zaweza kusindikizwa nazo pasipo kuhitaji nyingine.

Natoa mfano mmoja. Wimbo tunaouita Usiku Mtakatifu uliimbwa kwa mara ya kwanza katika mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba 1818, huko Oberndorf, Austria. Maneno yake yalitungwa na kasisi Joseph Mohr, na sauti zake na mwalimu Franz Xaver Gruber. Usiku ule haukusindikizwa na kinanda kikubwa cha kanisa, bali na gitaa la yule kasisi. Wimbo huo una vipimo 12. Viwili vya kwanza ni kodi ya nyumbani. Cha tatu ni kodi ya tano. Cha nne chaturudisha nyumbani. Kisha huja kodi ya nne na nyumbani, na tena kodi ya nne na nyumbani. Halafu kodi ya tano, na nyumbani. Katika kipimo cha 11 nyumbani na kodi ya tano zagawana nafasi, na wimbo unapumzika nyumbani. Ni hayo tu. Anayeanza gitaa na atumie D, G na A. Anayeanza kinanda na atumie C, F na G.

Kwenye kinanda mkono wa kulia hauhitaji hata kuruka. Weka kidole gumba juu ya C, cha kati juu ya E, na kidogo juu ya G. Ukitaka kodi ya nne, gumba hubaki pale pale juu ya C, na sauti nyingine mbili hupanda hatua moja, kuwa F na A. Ukitaka kodi ya tano, kidole kidogo hubaki juu ya G, na sauti zile mbili za chini hushuka hatua moja, kuwa B na D. Daima kuna kidole kimoja kinachokaa huku vingine vikisafiri, kama mzee wa nyumba anayebaki kulinda mlango.

Sisemi kwamba ni kazi nyepesi. Mimi nilianza gitaa nikiwa na miaka 58. Ncha za vidole ziliuma, na kuhama kutoka D hadi A kulinichukua majuma kadhaa kabla sijaweza kuhama pasipo kuusimamisha wimbo. Mtoto hutushinda kwa wepesi wa vidole. Lakini mtu mzima ana mali ambayo mtoto hana: amezisikia nyimbo hizi maisha yake yote, na sikio lake humwonya kabla kidole hakijakosea. Tena akili haifungi mlango wa kujifunza kwa sababu ya mvi. Inachodai ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Dakika 15 kila siku zafaa kuliko saa mbili za Jumamosi peke yake. Piga polepole, polepole kuliko unavyotamani, na usiongeze mwendo mpaka mabadiliko ya kodi yawe laini. Na anayejifunza asipige kwa nguvu hata kuwafunika waimbaji. Ala kanisani ni mtumishi wa sauti ya usharika.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya Baraza la Wazee. Kila jumuiya itoe watu wawili wa kujifunza: kijana mmoja, na mwingine aliyevuka miaka 50. Wapigaji wetu wa kinanda na wa matarumbeta wawafundishe jioni moja kila juma, na kanisa liachwe wazi kwa mazoezi siku nyingine. Kijana akiondoka kwenda masomoni, hatutamzuia. Tutamwombea na kumsindikiza. Lakini mama yake atabaki, naye atajua kodi tatu, na Jumapili inayofuata usharika utaimba.

Wale waliotutangulia walipanda miti ambayo sisi twakaa kivulini mwake. Wajao baada yetu nao watauliza tuliwaachia nini. Na tuwaachie usharika wenye mikono mingi inayoweza kumsifu Mungu.

Bwana awabariki. Amina.